Jenereta Lililokwenda Harusini Kinole

Mansuri hakuwahi kumwibia mtu. Neno lenyewe lilimuudhi. Kwa maelezo yake, yeye alikuwa akivihamisha vitu kutoka kwa wasiovithamini kwenda kwa wanaovihitaji, huduma aliyoianzia Tanga, akaiendeleza Dar, mpaka ikamlazimu kuhamia Morogoro ghafla bila kuaga.

Siku moja alikuwa kituo cha mabasi cha Msamvu, kahawa mkononi, akamsikia mzee mmoja kutoka Kinole, huko milimani, aitwaye Mzee Kondo, akilalamika kwamba mashine yake ya kusaga viungo hailali wala haiamki kwa shida ya umeme. Masikio yakamsimama.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Ninalo jenereta kubwa, halipigi kelele hata kidogo. Nasafiri, nataka liondoke haraka."

Mzee Kondo macho yakamtoka. "Pesa mkononi sina, mwanangu. Nina magunia matatu ya pilipili manga."

Magunia matatu! Mansuri nusura apaliwe na kahawa. Lakini tapeli makini haanzi kazi bila uchunguzi.

"Hivi huko kwenu kuna ukoo wa akina Salehe?"

"Salehe?" Mzee akamtazama kidogo. "Kwetu hakuna Salehe. Hao watu wa Mgeta."

Safi kabisa. Maana jenereta hilo, tuseme ukweli, lilikuwa Kilakala, kwenye banda lililoandikwa: SEMENI SALEHE, TUNAKODISHA VIFAA VYA SHUGHULI. Bi Semeni alikuwa na maturubai, viti, masufuria, na jenereta moja tu, ambalo ndilo lililobeba banda zima. Likipotea, nani atakodi viti vya kukaa gizani? Alikuwa pia na daftari, na mtaa mzima ulimcheka kwa daftari hilo. Kila kifaa alikiandikia vyumba vinne: kimeagizwa, kimetoka, kimefika, kimerudi. Hata mwiko wa pilau ulikuwa na safari yake humo.

"Jenereta, mama," Mansuri akamwambia alipofika bandani. "Harusi ya mdogo wangu, Jumamosi ijayo, Kinole."

"Kinole," Bi Semeni akaandika polepole. "Hongereni. Dhamana?"

Mansuri akaiacha pikipiki yake, tena na kadi yake, kwa sura ya mtu anayemwacha mwanawe bweni. Moyoni alishaiaga. Pikipiki ile nayo aliihamisha kutoka kwa mtu.

Jumamosi, jenereta likapandishwa mlimani kwenye gari la kukodi. Kabla halijateremshwa, simu ikalia.

"Limefika?" Bi Semeni akauliza.

"Limefika, mama! Watu wanacheza huku, vumbi tupu!"

Uwanjani kwa Mzee Kondo palikuwa na kuku wawili, na hakuna aliyekuwa akicheza. Mzee akafungua mdomo wa gunia. Harufu ikampanda Mansuri puani, akapiga chafya tatu za furaha. Wakapeana mikono, magunia yakapakiwa, huyo akateremka akiimba.

Kesho yake, Msamvu, mnunuzi wa viungo, dada mmoja aitwaye Yustina, hakusifu harufu wala nini. Alichukua bambo, kile chuma cha kuchomea gunia, akachoma katikati, akamwaga punje kiganjani, akaweka moja ulimini.

"Kaka, hizi mbegu za papai."

"Haiwezekani!"

"Zimekaushwa vizuri, lakini. Pilipili iko vidole vinne tu, hapo juu."

Mansuri alipandwa na hasira ya haki. Mzee mzima, kofia kichwani, hana hata haya! Nchi hii inakwenda wapi, watu wameacha kabisa uaminifu! Akataka kwenda polisi, akafika nusu ya njia, akakumbuka jambo fulani, akarudi.

Basi angalau pikipiki. Akaelekea Kilakala, kilio kimeshapangwa usoni.

"Mama yangu, tumeporwa! Majambazi, njiani, jenereta lote..."

Jenereta lilikuwa mahali pake, linang'aa. Pembeni yake, kwenye kiti cha kukodi, Mzee Kondo alikuwa akipuliza chai.

"Msalimie mjomba," alisema Bi Semeni.

"Mjomba? Alisema kwao hakuna Salehe!"

"Hakuna," Mzee akajibu kwa upole. "Salehe ni baba yake, wa Mgeta. Mama yake ni dada yangu, tumbo moja. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kijana. Ungeuliza upande huo, ningekuambia. Lakini uliponiulizia Salehe na jenereta kwa pumzi moja, nikampigia mpwa wangu huyu simu. Wiki nzima Kinole tumekula papai."

Bi Semeni akafungua daftari, akaandika kwenye chumba cha nne: limerudi.

"Basi nipeni pikipiki yangu," Mansuri akasema.

"Dhamana humrudia aliyerudisha. Jenereta karudisha mjomba, pikipiki ni ya mjomba. Naye kaiweka hapa kazini." Akageuza ukurasa. Pikipiki: imeagizwa, imetoka, imefika. "Ipo Mzinga, inarudi saa kumi. Ukiitaka, tunakukodisha kama mteja yeyote."

Mansuri akafikiri. Kwa miguu, Msamvu palikuwa mbali.

"Nitaikodi," akasema.

Bi Semeni akalowesha kidole, akashika kalamu.

"Karibu sana. Dhamana?"