Mkalimani wa Bibi Kwenye Uwanja wa Vita

Leo nimeaibika mbele ya mashujaa mia tatu, mkwe mmoja na basi zima la wastaafu. Someni mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

Kwa wasionifahamu vizuri (yaani karibu wote, maana darasani hamjawahi kunisikia): mimi ni Neema wa Malvern, hapo Toronto, yule anayepitiliza kituo cha basi kwa sababu akivuta kamba ya kengele watu watageuka kumtazama. Kuandika sina shida. Nipe karatasi nikupe kurasa kumi. Tatizo ni kutoa sauti. Sauti yangu ikifika mdomoni inaanza kuomba ruhusa.

Sasa. Shangazi Tumaini, dada yake baba, anaolewa Jumamosi huku Ugiriki. Mchumba wake, Niko, kazaliwa Toronto kama mimi. Baba yake Niko, Mzee Stavros, alioka mikate hukohuko Toronto, mtaa wa Danforth, miaka arobaini, kisha akarudi kwao. Na kwao ni kijiji kilicho karibu na Thermopili. Ndiyo, Thermopili yenyewe, pale ambapo Wasparta mia tatu na mfalme wao walilizuia jeshi la Waajemi lisilo na idadi. Mzee akasema kabla ya harusi lazima ampeleke mkwe wake, yaani Bibi yangu, akapaone. Bila kundi la watalii, bila foleni. Gari lake, petroli yake, siku nzima. Heshima ya mkwe kwa mkwe.

Bibi hajui Kiingereza. Mzee hajui Kiswahili. Baba ana suti ya kufuatilia kwa fundi. Mama ana keki. Amebaki nani?

Jana Shangazi alinishika mabega kama refa anayetaka kumtoa mtu nje.

"Neema, Bibi yako bado hajaikubali hii ndoa. Anatabasamu tu. Mimi tabasamu lile nalijua, alilitumia kwa mchungaji aliyehamishwa. Kesho wakielewana na mzee, nina harusi. Wasipoelewana, nina sherehe ya watu wanaotazamana."

"Shangazi, si umpeleke kaka?"

"Kaka yako ambaye Bibi alipofika tu kutoka Mpwapwa alimpokea kwa 'marahaba'?"

(Kweli alisema. Na Bibi akamjibu, "Shikamoo, baba." Hatujapona.)

Basi asubuhi tukaondoka watatu. Bibi kiti cha mbele, kitenge kipya, mkoba magotini. Mimi nyuma katikati, kichwa kimechomoza kati yao kama mbuzi kwenye zizi. Njia nzima nilifanya vizuri, kwa sababu waliongelea mizeituni na hali ya hewa. Mzeituni ni mzeituni. Hauna utata.

Tukafika. Jamani, nitanyamaza kujicheka kwa mistari michache, maana pale mahali pamenishika. Upande mmoja mlima umesimama kama ukuta, mweusi kwa kijani. Upande wa pili tambarare. Mzee Stavros alisema zamani bahari ilifika mpaka hapo tuliposimama, na kati ya maji na mlima palikuwa na kinjia chembamba tu. Hicho ndicho walichokilinda. Alivua kofia kabla hajaanza kusimulia. Mzee mwenye mikono mikubwa ya kukanda unga, anaongea Kiingereza cha Danforth, na sauti inamkwama kwa watu waliokufa miaka elfu mbili na mia tano iliyopita, kana kwamba jana walikuja dukani kwake kununua mkate. Nilimtazama nikasema moyoni: huyu mtu namtaka kwenye ukoo wetu.

Kwa hiyo nikajitahidi. Shida ni kwamba barabara kuu iko palepale, malori yanapita, na sikio la kushoto la Bibi halifanyi kazi sawasawa. Mimi nilisimama kushoto. (Najua. Najua!)

Mzee akasema, wote mia tatu walipoteza maisha hapahapa. Nikatafsiri kwa sauti yangu ile: "Bibi, anasema wote mia tatu walifia hapahapa."

Lori likapita.

Bibi akanyanyua nyusi. "Wenyewe?"

"Wenyewe, Bibi."

"Wanaume watupu?"

"Watupu."

"Na wake zao walikuwa wapi?"

Nikamuuliza Mzee. "Walibaki nyumbani, Bibi."

Bibi akashika kiuno. "Na mfalme naye?"

"Mfalme ndiye aliyetangulia."

"Hebu! Siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Lo! Basi zilikuwa nyingi."

Nilidhani anasema siku. Mzee akaongeza kwamba mwishoni silaha zilivunjika wakabaki na mikono na meno. Nikatafsiri hilo pia. "Kwa mikono, Bibi. Na meno."

"Na meno!" Bibi akatikisa kichwa polepole. "Basi palikuwa na uchafu hapa."

Nikaona Bibi amesema neno zito kuhusu vita. Nikamtafsiria Mzee: mama anasema vita ni uchafu. Mzee akaweka mkono kifuani. Mimi nikajipongeza. Neema, mkalimani wa kimataifa!

Kutoka pale tukaenda kwenye chemchemi za maji ya moto. Ziko jirani kabisa, maji yanatoka mvuke na harufu ya yai viza. Bibi alipoziona akapiga makofi. "Kumbeee! Ndiyo maana walichagua hapa!" Akavua viatu, akakaa kwenye jiwe, akatoa leso kwenye mkoba na kile kisabuni cha hotelini, akaanza kuifua.

Mimi sikushtuka. Bibi ndivyo alivyo. Kwetu Malvern kuna mashine ya kufulia chini kwenye besimenti, yeye anafulia kwenye beseni la kuogea, anasema mashine haijui kola. Nikaona ameona maji ya moto ya bure, ameshindwa kuvumilia.

Ila Mzee Stavros alikuwa ameganda. Akaniuliza taratibu, kwa heshima, "Hii ni mila yenu? Ndivyo mnavyowaenzi waliokufa?"

Hapa mtu mwenye akili angesema, sijui, ngoja nimuulize. Mimi nilimwona Mzee amejaa machozi, nikaona harusi ya Shangazi inang'aa mbele yangu, nikanong'ona, "Ndiyo."

Mzee akapiga goti. Akatoa kitambaa chake mfukoni. Akachovya. Bibi akampa sabuni. Wakafua pamoja, kimya, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa heshima kubwa. Bibi akamwonyesha jinsi ya kusugua pindo. Nilipiga picha. Nikamtumia Shangazi. Akajibu kwa mioyo kumi na mbili.

Kisha tukavuka barabara kwenda kwenye kile kilima kidogo ambako Wasparta wa mwisho waliangukia. Juu yake kuna jiwe lenye maandishi. Tulikuta wastaafu wameshuka kwenye basi, kama thelathini hivi, wamelizunguka jiwe, wamevua kofia, hakuna anayekohoa. Kiongozi wao alikuwa amewaomba dakika ya kimya.

Bibi hakuomba dakika. Alipanga miguu, akashika leso yake iliyolowa kwa mikono miwili.

"Neema, mwambie mkwe nina neno. Na upaze sauti, usinong'one kama unaiba."

Nikapaza. Sijui nguvu zilitoka wapi. Labda kwa sababu mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

"Mkwe, mimi nimezaa watoto saba."

Nikatafsiri kwa nguvu. Wastaafu wakageuka.

"Nimeishi na mume miaka arobaini na moja. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema."

Nikatafsiri. Mama mmoja akashika mkono wa mumewe.

"Lakini alikufa hajawahi kushika ndoo."

Nikatafsiri. Nikasema moyoni, Bibi anazunguka lakini atafika, wazee hawana haraka.

"Leo nimesimama mahali ambapo wanaume mia tatu, na mfalme wao mbele, waliwaacha wake zao wapumzike nyumbani, wakaja kufua nguo wenyewe. Siku tatu! Kwa mikono! Penye madoa sugu, kwa meno!"

Mdomo wangu ulikuwa umeshaonja utamu wa kusikika. Haukungoja kichwa. Ukatafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, mpaka kwenye meno.

Kiongozi wa wastaafu alifumbua jicho moja. Mzee Stavros akawa mwekundu, akaanzia shingoni. "Nguo?" aliuliza.

Na Bibi alikuwa hajamaliza. "Kama kijana wenu katoka kwenye ukoo wa namna hii, mimi binti yangu namtoa leo kwa moyo mweupe. Mwambie!"

Sikumwambia. Mmeelewa niko wapi? Bibi ameikubali ndoa! Ameikubali kwa sababu ya nguo ambazo hazikuwahi kufuliwa! Nikisema kweli, ndoa inarudi kwenye lile tabasamu la mchungaji. Nikinyamaza, Mzee anabaki akijua mkwe wake amekuja kuwadhihaki mashujaa wao juu ya kaburi lao.

"Mbona kanuna?" Bibi akaniuliza. "Umemwambia nini?"

"Bibi... hawakufua. Walifia."

"Si ndivyo nilivyosema? Walifua."

"Wali-fi-a."

"Ndiyo, wali-fu-a. Una nini leo?"

"WALIKUFA, BIBI! WALIKUFA WOTE! HAKUNA ALIYEFUA!"

Mlima ulinirudishia. "Aliyefua... fua..." Mstaafu mmoja akadondosha chupa yake ya maji, nikaisikia ikibingirika kilima kizima mpaka chini. Miaka kumi na sita sijawahi kupiga kelele, nikaenda kuanzia pale!

Bibi akatazama leso. Akanitazama mimi.

"Yaani hapa ni makaburini."

"Ndiyo."

"Nami nimefua leso makaburini."

"Pale mbele kidogo, ila ndiyo."

"Na mkwe naye alifua kwa nini?"

"Nilimwambia ni mila yetu."

"Mila ya nani, Neema?"

Nilitamani niwe mzeituni. Nikamgeukia Mzee Stavros nikamweleza yote kwa Kiingereza: sikio, lori, fia, fua, mila niliyoitunga. Machozi yalikuwa yananitoka na kamasi pia (nimesema nitakuwa mkweli).

Kabla hajajibu, Bibi alikuwa ameshafungua kitenge cha mabegani akajifunika kichwa. Akamwendea Mzee, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, kama tunavyoingia msibani.

"Pole sana, mkwe. Poleni kwa msiba. Nilikuwa sijaambiwa."

Nikatafsiri. Mzee akasema nimwambie Bibi hivi: tangu utotoni ameleta watu hapa, wakapiga picha, wakauliza choo kiko wapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa pole.

Bibi akajibu, "Basi ipokee."

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikaanza kulia naye upya. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka amejishika magoti. "Siku tatu," anasema. "Na meno!" Wastaafu wawili nao wakashindwa kujizuia. Bibi akaziba mdomo kwa ile leso mbichi, kitenge kikamteleza, akacheka kile kicheko chake cha jikoni.

Walipotulia Mzee akaniuliza, "Kuna sentensi moja hukuitafsiri. Niliona."

Nikaitafsiri. Ile ya binti, na moyo mweupe, na ukoo. Hakucheka tena.

"Mwambie mashujaa sijui," alisema. "Lakini Niko anafua. Amekulia nyuma ya duka la mikate, aproni ishirini kila siku, na mama yake alikuwa mgonjwa. Nilimfundisha mwenyewe."

Nikatafsiri. Polepole, na upande wa sikio la kulia.

Bibi akamkazia macho. "Kola anaziweza?"

"Anaziweza."

"Basi," Bibi akasema. "Namtoa vilevile."

Tumerudi jioni. Shangazi kapewa habari yote, kaicheka picha ya leso mpaka simu imezimika. Nilitegemea nitaachishwa kazi, nikakae meza ya watoto nipumzike. Lakini Bibi na Mzee wamekaa wawili, wakaamua kwa ishara za mikono, bila mkalimani: hotuba zote za harusini nitatafsiri mimi, ila niongee kama nilivyoongea kule kilimani.

Kwa hiyo mtakaotazama Jumamosi kupitia simu, mkimwona binti kavaa gauni la pinki anamfokea bibi yake mbele ya wageni mia mbili, msipige simu polisi. Ni tafsiri.