Ombi la Kumsimamia Daktari Pole Kutoka Kitanda cha Tisa

Wodi ya Upasuaji, Wanaume,
Kitanda cha Tisa, penye dirisha lisilofungika,
Jumanne, baada ya uji.

Kwa Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Hospitali,

KUHUSU: DAKTARI ANAYEONEWA, NA MIMI NINAYEPUUZWA

Mheshimiwa, kwanza pokea salamu zangu za heshima. Natumaini u mzima na bega lako haliumi. Nasema bega kwa sababu ulipopita wodini mwezi uliopita niliona koti lako limeshuka nusu inchi upande wa kushoto. Koti halina kosa.

Mimi ni fundi cherehani, mstaafu kwa amri ya watoto wangu. Shule niliishia darasa la tatu, na kuandika nilijifunzia kwenye daftari la vipimo: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kwa hiyo ukiona herufi zangu zimesimama mbalimbali kama vifungo usicheke, kila moja iko mahali pake. Nimeshona suti za maharusi, majoho ya mahakimu, na pazia la ukumbi ambalo mpaka leo halijatoka uzi. Nimefundisha wanafunzi kumi na saba, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwao akilia, isipokuwa wawili.

Hapa kwako nina wiki ya tano. Nilikuwa nahamisha cherehani yangu peke yangu, baada ya kumfukuza mkwe wangu aliyetaka kunisaidia, ikanidondokea kwenye muundi wa mguu. Kidonda ni inchi nne na robo. Faili linasema sentimita kumi. Faili limekosea.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Daktari wa mguu wangu ni binti anayesomea ubingwa wa upasuaji, mwaka wa kwanza. Sisi wagonjwa tunamwita Daktari Pole, kwa sababu husema pole kabla ya sindano, husema pole baada ya sindano, na siku moja alikigonga kigari cha dawa akakiambia pole. Amekishona kidonda changu mara tatu na mara tatu kimefumuka. Jumapili amekishona mara ya nne. Jana asubuhi bosi wake, yule daktari bingwa tunayemwita Bwana Haraka, alisimama miguuni pangu akamwambia wodi nzima ikisikia: "Kikifumuka tena hiki, Alhamisi naiambia kamati kwamba huna mkono wa upasuaji. Ukatafute kazi ya kuandika vyeti."

Kamati hiyo nimeiulizia. Ndiyo inayoamua nani aendelee na masomo na nani afunge mizigo. Leo ni Jumanne. Kwa hiyo naandika mbiombio, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nizaliwe, na lawama ya mwandiko huu ni ya Bwana Haraka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Binti anafokewa hadharani. Usinielewe vibaya. Mimi pia nilifokea wanafunzi wangu, tena kwa sauti ambayo mtaa wa pili walikuwa wanasimamisha redio wasikilize. Lakini nilifunga mlango kwanza, hata kama mteja alikuwa ndani. Jana binti hakulia. Alinigeukia mimi akaniambia, "Pole, mzee," utadhani mimi ndiye niliyefokewa, kisha akaenda kwenye sinki akanawa mikono dakika nne nzima. Mikono ilikuwa safi tangu zamani.

2. Haonyeshwi kazi. Mheshimiwa, kwa wiki tano Bwana Haraka hajamtazama huyu binti akishona hata mara moja. Huja baadaye, hutazama kilichoharibika, hutikisa kichwa, huondoka. Nimepima: hatua kumi na nne kutoka mlangoni mpaka kwangu, sekunde ishirini za kukunja uso, hatua kumi na nne kurudi. Kuna kitabu cha kijani anachotakiwa kusaini kuonyesha kwamba alimsimamia. Anakiegemeza ukutani anasaini huku anatembea. Nimemwona kwa macho yangu akisaini kurasa sita huku anaongea na simu habari za tairi. Nauliza, kwenye hizo kurasa sita aliyesimamia ni nani? Ni mimi. Nilikuwepo kila mara, sikukosa hata siku moja. Mguu ni wangu.

3. Hana pa kusemea. Nje ya ofisi ya Sista Mkuu wa wodi mmebandika karatasi inayosema daktari yeyote aliye masomoni, akiwa na shida, amwone msimamizi wake. Nimejikokota kwa magongo kwenda kuisoma, nikaisoma mara mbili. Msimamizi wake si ndiye huyo huyo Bwana Haraka? Ni kama kumwambia mtu aliyeungua na pasi aende akaiombe pasi dawa.

4. Hali wala hakai. Chai ya madaktari iko ghorofa ya tatu, wagonjwa wake wako chini, na lifti ina kibao cha "inatengenezwa" ambacho chenyewe kimezeeka. Nimempa kiti changu cha wageni na nusu ya mkate wangu. Mkate aliula akiwa amesimama. Kiti alikiwekea faili.

5. Kwa kuwa mliopewa kazi ya kumfundisha hamfundishi, nimeanza mimi. Kila siku baada ya chakula cha mchana tunakaa dakika ishirini, tunashonea kwenye foronya. Kosa lake nililiona siku ya kwanza: anavuta uzi kama anauomba radhi. Tena macho yake yanafuata mkono badala ya ncha ya sindano, na pumzi anaibana mpaka midomo inabadilika rangi. Nimemwambia, mwanangu, toboa huku unatoa pumzi, mgonjwa mmoja asiyepumua anatosha. Sista Mkuu analalamika kwamba foronya tano zimeshonwa midomo na mito imefungiwa ndani. Hayo si malalamiko yangu, ni yake. Na yeye aandike barua.

Siku moja katika hayo mafunzo binti aliniambia jambo ambalo naliandika kama alivyolisema. Alisema, "Mzee, mimi shuleni nilikuwa wa kwanza kila mwaka. Hapa kila asubuhi nikivuka geti moyo unapiga kama niliacha jiko linawaka nyumbani." Nikamwambia asijali, hata mimi suti yangu ya kwanza ilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Huo ulikuwa uongo. Suti yangu ya kwanza ilitoka nzuri sana, watu waliiulizia. Lakini msimamizi lazima awe na huruma, na binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu nilazwe. Sasa naomba unijibu, Mheshimiwa: katika hospitali nzima yenye mabingwa na kamati na karatasi za kubandika, kuna mwingine aliyemuuliza huyu mtoto moyo wake unapigaje? Nyinyi si ndio mnaopima mioyo?

6. Dereva wa lori wa kitanda cha nane naye ameanza kujifanya msimamizi. Anamwambia binti, "Dada, ukifika penye kona punguza mwendo." Huyu bwana ametolewa kidole tumbo, mambo ya kushona hajui, hata kifungo chake cha shati amekiweka pini. Anatuvurugia mtaala. Naomba azuiwe kwa maandishi.

7. Bwana Haraka mwenyewe hasimamiwi na mtu yeyote. Nimelazimika kumsahihisha mimi. Salamu, mbili kwa kumi. Kutazama kazi ya mwanafunzi, moja. Kusikiliza, nusu. Viatu, tisa, sina budi kusema ukweli. Jumla kumi na mbili na nusu kwa arobaini, na ningemwona akiwa peku angekuwa ameshafukuzwa.

Kwa sababu hizo zote, naomba kwa unyenyekevu mkubwa:

Kwanza, nitangazwe rasmi kuwa msimamizi wa Daktari Pole, kwa barua yenye muhuri, nipewe na kiti chenye mgongo. Koti jeupe msihangaike, nitalishona mwenyewe. Yenu yanakata kwapa.

Pili, kitabu cha kijani nisaini mimi. Sahihi yangu ni fupi na ninaiweka nikiwa nimekaa.

Tatu, nisiruhusiwe kwenda nyumbani. Mmeandika kwenye faili kwamba mguu ukishika tu natoka. Hilo haliwezekani, binti amebakiza zaidi ya miaka mitatu ya masomo, na mwalimu haondoki katikati ya somo. Familia nimeiarifu. Mke wangu amesema kama ni kwa ajili ya elimu nikae hata mitano. Kitanda hiki hiki kinanitosha, ila dirisha lifungwe.

Nne, Bwana Haraka aje kila Jumatano baada ya chakula cha mchana, aanzie kwenye foronya kama wengine. Akifanya vizuri mwaka wa kwanza tutampandisha kwenye shuka.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: Alhamisi kamati isiseme neno juu ya huyu binti kabla haijanisikia mimi. Niletwe kwa kiti cha magurudumu. Hotuba yangu ni ya saa moja na nusu na nimeshaifanyia mazoezi mbele ya kitanda cha nane, ambaye alilala, lakini alilala kwa kukubaliana.

Mkimfukuza, Mheshimiwa, piga ua, hakuna mkono mwingine utakaougusa mguu huu. Nitakaa nao hivi hivi. Nitatoka nao nikichechemea mpaka sokoni, na kila atakayeniuliza nimepatwa na nini nitamwambia: hospitalini kwetu kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa anajifunza, na watu wazima wakakosa dakika ishirini.

Nisalimie kamati yote, hata wale ambao wameshakata shauri. Nisalimie mpishi wa uji, na mlinzi wa geti wa zamu ya asubuhi. Yule wa mchana asisalimiwe, anajua alichomfanyia mke wangu na kikapu chake. Nisalimie mwenzio wa nyumbani na wanao, na mwambie atakayekushonea koti lingine aje kwangu kwanza.

Nabaki kuwa wako mtiifu, ninayekungoja nikiwa nimelala chali,

Fundi, Kitanda cha Tisa
(Nimetia sahihi na dole gumba pia, mchague inayowafaa.)

Nyongeza: Kuna jambo dogo nilikuwa nimelisahau. Leo asubuhi Sista Mkuu alipokuja kutandika amenichukulia mkasi wangu mdogo chini ya godoro. Tafadhali mwamuru aurudishe. Ni mkasi wa kufumulia, nimeutumia miaka thelathini, hauna kosa lolote. Sista ananiuliza eti ulikuwa na kazi gani wodini. Kazi gani! Mwanafunzi akishona vibaya unamfumulia, anaanza upya, mpaka mkono ukubali. Wanafunzi wangu wote kumi na saba nimewafundisha hivyo, na mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Mshono wa kwanza wa binti ulikwenda kama njia ya mlevi, nikaufumua. Wa pili nafasi hazikulingana, nikaufumua. Wa tatu ulikuwa na nafuu, lakini fundo la mwisho lilivimba kama jipu, nikaufumua kwa masikitiko. Sikutoa hata sauti. Kitanda cha nane ni shahidi, ingawa alikuwa amejifunika shuka usoni. Binti sikumwambia, maana fundi akishajua nani amemfumulia huacha kutazama mshono akaanza kumnunia mtu. Kwa hiyo kamati ikiuliza habari za mishono ile mitatu, iambiwe iliondolewa kwa sababu za kielimu. Huu wa nne nimeutazama tangu Jumapili kwa miwani ya dereva. Nimepitisha ncha ya mkasi juu yake, kutoka fundo la kwanza mpaka la mwisho, kwenda na kurudi, nikitafuta pa kuingilia. Sikupaona.