Maksai wa Pembe Moja Mbele ya Kamati ya Simu

Ninayo heshima kuutangazia umma wa Sumbawanga na Ufipa yote kwamba Kamati ya Ulinganifu wa Simu Janja imefanya kazi yake bila upendeleo, na kwamba mimi, Katibu wake, sijawahi kutia simu ya Android mfukoni. Natumia iPhone. Kioo kina ufa, lakini ni ufa wa iPhone.

Kamati iliundwa kwa sababu ya binti wa kijiji cha Kaengesa, Coleta, aliyetengeneza app ya kutafuta mifugo iliyopotea. Ukikuta ng'ombe anazurura, unampiga picha, na simu ya kila mwenye app inalia "mooo!" Watu wakaipenda bila kibali. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Flavian, akaisimamisha mpaka ijulikane simu ipi inastahili kulia hivyo.

"Kwenye iPhone ipo?" akauliza kikaoni.

"Bado, mzee. Kule nahitaji kompyuta yao, nilipe ada kila mwaka, waikague, ndipo waipitishe. Ya Android nimeitengeneza kwa laptop ya mtumba. Watu wanarushiana wenyewe mnadani."

"Umesikia, Katibu? Android mlango wazi, kila mtu anaingia. iPhone ina geti, ina mlinzi, inakukatalia, kama ofisi yangu. Andika: mfumo unaokukatalia ndio wenye heshima."

Niliandika. Nikapigia mstari.

Hapo akaingia mzee Sayi, mfugaji wa Pito, simu ya kitochi mkononi, matope mpaka magotini. Maksai wake wa pembe moja alikuwa amekata kamba.

"Wanangu, asipoonekana leo, jioni ni mishikaki. Na mwenzake hawezi kuvuta plau peke yake. Hakuna mwenye hiyo app anichungulie?"

"Shikamoo, mzee. App imesimamishwa," nikamjibu.

"Marahaba. Na ng'ombe je, naye mmemsimamisha?"

Mfuko wangu ukalia: mooo!

"Tumbo," nikasema. "Maharage ya jana."

Mkoba wa mjumbe Rhoda nao ukalia. Naye alikula maharage.

Coleta hakuomba ruhusa tena. Akawasha simu yake. "Mzee Sayi, huyu hapa! Kapigwa picha tangu asubuhi, yuko kwenye mahindi." Akaikuza picha. "Kuna kibao nyuma yake… 'Shamba la Mfano, Mheshimiwa Flavian'."

Mwenyekiti akatoa iPhone yake, akaipapasa, akaitikisa. Ilikuwa kimya, kwa heshima zote.

"Tangu asubuhi? Na mji mzima unajua?"

"Ningeambiwa mapema," akasema mzee Sayi, "ningemtoa akiwa tuta la kwanza."

Nadhani maksai alikuwa amehamia tuta jingine, maana mpita njia akampiga picha mpya. Mooo! Mkoba wa Rhoda. Mooo! Koti la Mweka Hazina. Mooo! Soksi ya mlinzi mlangoni. Ukumbi mzima ukawa zizi, isipokuwa mfuko wa mwenye shamba.

"Nani kati yenu," akanguruma Mwenyekiti, "alikaa hapa akijua ng'ombe anakula mahindi yangu?"

"Mimi ni mtu wa iPhone, mheshimiwa," nikawahi, nimeshika tumbo.

Mzee Sayi alikuwa keshafika mlangoni, anakimbilia ng'ombe wake. Akageuka, akaitazama suruali yangu.

"Pole na maharage, mwanangu. Ila hilo tumbo lako mbona linawaka taa?"