Ng'ombe Wawili wa Kumnyamazisha Tomaso

Jumatatu, 28 Julai
Tomaso wa Morotonga kapiga simu. Anazo barua za mapenzi nilizomwandikia dada yake, Precious. Eti nimpe kitu, la sivyo zinasomwa mnadani. Zote zina mhuri wangu wa udiwani. Nilitaka zionekane za uzito! Na kura za maoni ni Jumatatu ijayo.

Jumanne, 29 Julai
Pesa ya simu haifai. Mke wangu, Scholastica, husoma meseji zangu kabla yangu. Nitatuma ng'ombe. Ng'ombe hana meseji. Darasa la saba tu, na akili yote hii!

Alhamisi, 31 Julai
Ng'ombe wawili wamefika kwa kina Tomaso. Baba yake, Mzee Wangwe, kawapokea mwenyewe, kawakagua meno. Kina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele vya nini?

Ijumaa, 1 Agosti
Mzee Wangwe kapiga simu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, "Marahaba, mkwe." Mkwe! Nikasema wale si wa mahari. Akauliza ni wa nini basi. Nikakohoa. Akasema ng'ombe wa mwanaume wakiingia boma lenye binti hawaulizwi safari yao. Waliobaki naleta lini? Nikitaka kuwarudisha, hiyo ni talaka: wazee wa pande zote wakae, hadharani.
Jioni Tomaso naye. Ng'ombe kachukua baba, yeye bado hajanyamazishwa. Siku hizi ananiita shemeji.

Jumapili, 3 Agosti
Kanisani wanawake wamempongeza Scholastica kwa kupata mke mwenza. Nilingoja mayowe. Akasema taratibu, "Baba Joram, yule mwekundu alikuwa wangu. Umeoa kwa ng'ombe wangu, basi mke ni wangu. Aje tulime." Kisha akawapigia simu wajumbe wa kura za maoni walio kwenye kikundi chake, mmoja mmoja. Alikuwa anacheka.

Jumatatu, 4 Agosti
Mpinzani wangu, Athanas, kashinda. Athanas, asiyejua hata kuvaa tai! Wajumbe wanasema kuoa kwa siri si neno. Kuoa kwa ng'ombe wa mke ndiyo aibu.
Sasa nimetulia, nimepata dawa. Nimemwandikia Precious barua ndefu amsomee baba yake: habari za Tomaso, vitisho, ng'ombe, kila kitu. Mwisho nimemsihi aichome. Nikapiga mhuri, maana sijaurudisha.
Nimempa Tomaso aipeleke. Ndiye anayekwenda huko.