Otilia wa Goti la Chuma na Ng'ombe wa Kipito cha Pecei

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na ninyi mnaotafuta pa kuketi. Teremsheni sufuria motoni, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo havikumwaga tone la damu, ila jasho lililotiririka likafika kwenye soksi. Nitawasimulia habari za Otilia binti Batista, mjane wa Vigile Pescosta, Mpiga Pedali asiyeshuka, ambaye bonde letu lote humwita Goti la Chuma. Na jina hilo si la kubuni, maana madaktari wa mji wa Brunico walimfungua goti la kulia, wakatoa lile alilozaliwa nalo, wakamtia la chuma. Nami ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Siku ile nilikuwa nyuma yake kwa baiskeli, nimebeba maji na mkate wa zabibu, kwa hiyo ninayoyasema niliyaona.

Chanzo cha vita kilikuwa mwanawe wa pekee, Lois, mtu mpole, mhandisi wa madaraja mjini Bolzano. Majira ya baridi yaliyopita Otilia aliteleza kwenye barafu mbele ya mlango wake mwenyewe, akalala pale chini akiitazama theluji ikimwangukia usoni, hadi nilipotoka kumwaga majivu nikamwona. Lois aliposikia hakulala. Tangu hapo kila Jumapili alikuja na maneno yaleyale, kwamba amepata nyumba nzuri ya ghorofani karibu na kwake, yenye lifti, yenye joto, isiyo na ngazi wala barafu.

"Mama, hapa nyumbani kwako kuna mlima mpaka jikoni," alimwambia siku moja tukiwa mezani, mbele ya supu ya shayiri. "Na goti lako ndilo hilo."

"Goti langu ni jipya kuliko gari lako," Otilia akajibu.

"Goti jipya, mguu wa zamani. Huwezi hata kupanda mlima wa Pecei."

Kijiko cha Otilia kikasimama hewani. Wasikilizaji wangu, falme zimeanguka kwa maneno machache kuliko hayo. Akakiweka kijiko chini taratibu, akasema kwa sauti ya malkia anayeyakataa masharti ya amani: "Siku ya baiskeli nitapanda Pecei. Nikifika juu, hilo ghorofa usilitaje tena mpaka nife."

"Sawa," Lois akasema, kwa kuwa naye ametoka tumboni mwa huyo huyo. "Lakini bila kuweka mguu chini. Ukiweka mguu kwenye ardhi hata mara moja, unahamia mjini kabla ya theluji."

"Na nani ataichunga miguu yangu njiani?"

"Shangazi Afra."

Hapo nikajua kwamba mhandisi yule alikuwa amefikiri sana. Kwa maana Afra, dada wa marehemu Vigile, anaishi ng'ambo ya pili ya kijiji kwa mumewe mfugaji, na yeye na Otilia wamekuwa wakivutana tangu siku ya harusi, kwa sababu ya kitambaa cha meza ambacho hakuna anayekumbuka kilikuwa cha rangi gani. Afra hakuwahi kusema uongo kwa ajili ya mtu yeyote, na hata kama angeanza, Otilia angekuwa mtu wa mwisho kabisa kumsemea.

Ikafika ile siku ya Juni, siku moja tu katika mwaka, ambapo njia ya Pecei hunyang'anywa magari na pikipiki na kukabidhiwa wapanda baiskeli. Walinzi wakaburuta vizuizi, milio ya injini ikakatika, na kimya kikashuka bondeni, tukaanza kusikia maji ya kijito ambayo siku nyingine hatuyasikii. Kisha likaja jeshi. Wakaja vijana waliobanwa na nguo za kung'aa, wakaja akina baba wenye watoto nyuma, wakaja wazee wawili juu ya baiskeli moja wakigombana kuhusu ramani. Na katikati ya jeshi hilo akatokea Otilia, amevaa sketi ya kazi na kofia ngumu ya marehemu mumewe, juu ya baiskeli ya kijani ya chuma kizito, yenye kikapu mbele na gia chache zilizokwisha kuchoka kabla ya vita kutangazwa.

Afra alimngojea penye kizuizi, amekaa juu ya baiskeli ya betri ya mumewe kama jaji kitini.

"Wifi," akasema.

"Wifi," Otilia akajibu.

"Hicho kikapu umekuja nacho cha nini? Unapita sokoni?"

"Cha kubebea maneno yako, yakinizidi njiani niyatupe."

Wakaanza kupanda. Ee mlima wa Pecei, baba wa kona, wewe uliyewatia kikohozi vijana wenye mapaja kama magogo, ungejua nani anakuja ungejilainisha. Lakini haukujilainisha. Ulijiinua mbele yetu kona juu ya kona katikati ya misonobari, na juu yake majabali ya kijivu yamesimama kama ukuta wa ngome, na Otilia akauingia kwa mwendo wa mtu anayechota maji kisimani: goti la nyama likishuka, goti la chuma likipanda, mnyororo ukilia, pumzi ikitoka kwa mafungu. Wengine wote walimpita. Mtoto mwenye baiskeli ya magurudumu madogo alimpita akala na ndizi mbele yake. Yeye hakumtazama mtu.

Afra alikuwa ubavuni mwake tangu chini, betri ikinong'ona, hana hata unyevu kwenye paji la uso, na macho yake hayakuondoka kwenye viatu vya wifi yake.

"Unahema kama mbuzi anayezaa," akasema walipofika penye msalaba wa mbao.

"Nahema kwa mapafu yangu. Wewe unahemewa na mashine."

"Mashine inatosha. Mimi sikuweka dau."

"Wewe hujawahi kuweka chochote, wifi. Hata chumvi kwenye tutres zako."

Tutres zake, zile chapati za kukaanga zenye mchicha ndani, ndizo fahari ya nyumba yake, na pigo lile lilimwingia. Lakini niliona pia, na hili nalisema kwa hadhari, kwamba kila upepo ulipotoka upande wa bonde alijisogeza upande huo, ili upepo umpate yeye kwanza.

Miti ikaisha, tukatokea kwenye malisho. Otilia alikuwa mwekundu kama bitiruti. Nilimpa chupa, akanywa mkono mmoja, baiskeli ikayumba, mguu wa kushoto ukatoka kwenye pedali ukaning'inia hewani, nami nikafumba macho. Nilipoyafumbua mguu ulikuwa umerudi.

"Haukugusa," Afra akasema kwa ukavu. "Endelea."

Na hapo, kwenye kona ya mwisho iliyo kali kuliko zote, ambapo jabali liko kushoto na ukuta mdogo wa mawe uko kulia na bonde zima liko chini yake, adui wa kweli alikuwa akitusubiri. Magari yalipofukuzwa, kuna mwingine aliyesikia kimya na kupendezwa nacho. Alitoka malishoni akaja kusimama kwenye lami yenye joto, amekingama njia kutoka jabali hadi ukuta, mpana kama lango la mji: ng'ombe wa kijivu, mwenye kengele shingoni, akicheua.

Jeshi lililotutangulia lilikuwa limeshuka kwenye baiskeli, limejipenyeza nyuma ya mkia wake kwa miguu, likaenda zake. Wao walikuwa na miguu ya kuweka chini. Otilia hakuwa nayo.

Akapiga kengele ya baiskeli. Ng'ombe akatikisa yake. Otilia akageuza usukani, akazunguka duara dogo kwenye mteremko, akarudi; ng'ombe yuko palepale. Akazunguka tena. Nguvu alizoziweka akiba kwa ajili ya kilele zilikuwa zikimtoka katika kuzungukazunguka kule, na duara la tatu lilikuwa dogo mno, mwendo ukafa, baiskeli ikaanza kulala upande. Nikaona sketi ikiinama kuielekea ardhi. Nikaona ghorofa la Bolzano na lifti yake. Ndipo Otilia binti Batista akanyoosha mkono, akaushika ukanda wa kengele shingoni mwa yule ng'ombe, akasimama hivyo: miguu yote miwili juu ya pedali, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye ukanda, kama mtu aliyemsimamisha rafiki njiani amuulize hali.

Ng'ombe akamtazama, akaendelea kucheua.

"Umesimama, wifi," Afra akasema.

"Nimesimama. Sijashuka."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka achoke."

"Huyo ni Stela. Ni wetu. Huyo hachoki."

Baiskeli ikaanza kuyumba. Nilitaka kwenda kumsaidia, lakini Afra alinitazama, nikabaki nilipo.

"Sijakuomba kitu," Otilia akasema, akiangalia mbele.

"Najua. Hujaniomba kitu tangu uolewe na kaka yangu." Afra akashuka, akaiegemeza baiskeli ya betri kwenye jabali, akapangusa mikono kwenye aproni kana kwamba anaingia jikoni. "Kule ghorofani watu wanapanda lifti hawasemeshani. Mtu anakanyaga mguu wako anasema samahani, basi imeisha. Utagombana na nani kule?"

Otilia akaukaza mkono kwenye ukanda.

"Na mimi je?" Afra akasema kwa sauti ya chini kidogo. "Nikagombane na nani?"

Hakungoja jibu. Akachomoa kipande cha mkate mfukoni, akakipitisha mbele ya pua ya Stela, akaanza kurudi nyuma kuelekea kileleni. "Twende, mvivu wee. Twende polepole, una abiria."

Na Stela akageuka, akaondoka. Wasikilizaji, nimeona maandamano ya maaskofu, nimeona bendi za vijiji vyote vya bonde, lakini sijaona msafara wenye heshima kama ule: mbele Afra akitembea kinyumenyume na mkate mkononi, nyuma yake ng'ombe akigonga kengele, na ubavuni mwake Goti la Chuma ameketi wima juu ya baiskeli, anavutwa. Njia ilipopanuka aliuachia ukanda, akasimama juu ya pedali, akatoa mlio ambao sitauiga, na akaimalizia kona peke yake mpaka kibao cha kilele, ambapo Lois alikuwa amesimama, uso umempauka kwa wasiwasi.

Ni pale tu, tairi la mbele lilipokivuka kile kibao, ndipo Otilia alipoweka mguu chini. Aliuweka wa chuma.

"Shangazi?" Lois akauliza Afra alipofika. "Sema kweli."

Afra akasema kweli. Alieleza yote, hakuficha hata mate ya ng'ombe: mguu ulioning'inia, maduara matatu, ukanda, mkate, na kuvutwa. Watu walikuwa wamekusanyika na chupa zao, wakasikiliza kama mahakamani.

"Kwa hiyo alivutwa na ng'ombe," Lois akasema.

"Alivutwa."

"Basi hiyo haihesabiki."

"Lois," Afra akasema, "sharti uliweka wewe, nami ulinieleza. Ulisema mguu, na ulisema ardhi. Ng'ombe si ardhi." Akainua mkono mwana wa kaka yake alipofungua kinywa. "Na mimi nimevutwa na betri kutoka chini mpaka hapa. Mbona hunihamishi mimi?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote. Lois alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa kwenye ukuta. Kisha akaacha kucheka, akamtazama mama yake ambaye alikuwa bado anahema ameshikilia usukani.

"Nilikuwa naogopa tu, mama," akasema. "Ile siku ya barafu."

"Najua, mwanangu. Hata mimi niliogopa. Nilikuwa chini pale naogopa."

Hilo hakuwahi kulisema mbele ya mtu.

"Basi niruhusu nije niweke bomba la kushikia mlangoni," Lois akasema. "Na Shangazi akupigie simu kila asubuhi."

"Bomba weka," Otilia akasema. "Simu nitampigia mimi. Akinipigia yeye atadhani amenishinda."

"Piga baada ya saa moja asubuhi," Afra akasema. "Kabla ya hapo nakamua."

Hivyo ndivyo ulivyotekwa mlima wa Pecei, na hivyo ndivyo mkataba wa amani ulivyofungwa kileleni pake, mbele ya majabali na mashahidi waliokuwa wakila mkate wangu wa zabibu bila kuniuliza. Wafalme waliovuka milima hii na majeshi yao wamesahauliwa, hata majina yao huwapa watoto shida shuleni. Lakini bondeni kwetu, ukimwuliza mtu paa lake lilitengenezwa lini, au binti yake alizaliwa mwaka gani, atakuna kichwa kidogo, kisha atakujibu kwamba ilikuwa kabla ya Otilia kushika ng'ombe, au baada.