Kusawazisha Sauti ya Kaka Yesaya

Jumatatu, 12 Agosti 2024. Mpemba.

Wifi Tabita amekuja na MP3 ya marehemu mumewe. Ameitoa ndani ya leso iliyofungwa fundo kama sadaka.

Kaka yangu Yesaya alikuwa mwalimu wetu wa kwaya kule Isansa. Kila mazoezi aliining'iniza hiyo MP3 shingoni kwa kamba ya kiatu, akabonyeza kitufe, ikarekodi. Nyimbo zetu zote zimo humo. Nakala hakuna popote. Tundu la spika lilikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo majina ya nyimbo unayaona kwenye kioo kile kidogo, lakini husikii kitu. Ni kama kutazama picha ya chakula.

Jumapili ni ibada ya kumbukumbu yake. Wifi anataka sauti zile zisikike kanisani. Amesema mimi ndiye mwenye kompyuta, nizihamishie huko. Nimekubali hata hajamaliza kusema.

Hajui nina mpango wangu. Wimbo wetu mkubwa ulikuwa ule wa mavuno. Ubeti wa kwanza aliimba Enesi peke yake. Ubeti wa pili niliimba mimi. Mpaka leo watu wa Isansa wakikutana nami njiani wananiuliza, Tulinagwe, yule Enesi aliyekuwa akiimba vizuri yuko wapi? Yuko Vwawa! Anakula vizuri! Basi nyimbo zikishaingia kwenye kompyuta, ubeti wa kwanza nitaukata. Hakuna sheria inayosema wimbo lazima uanzie mwanzo.

Jioni Enesi amepiga simu. Mwanawe amemnunulia spika kubwa yenye magurudumu, ataileta kanisani. Anataka kujisikia kwa ukubwa. Nikamjibu, Mungu akubariki mama.

Jumanne, 13 Agosti

Laptopu yangu ni ya tangu nikiwa bado nafundisha. Ilikuwa imezeeka mno, ukiiwasha unaweza kubandika maharage kabla haijafunguka. Mwaka jana fundi Osward wa Tunduma akaiwekea mfumo mwepesi wa Linux, tena wenye Kiswahili. Tangu hapo inakimbia. Nimewaringia walimu wenzangu wastaafu mpaka wamenichoka.

Leo nimechomeka MP3. Taa imewaka. Nikafungua programu ya muziki. Jina la kifaa likatokea, nikafurahi, programu ikajifunga yenyewe. Bila hata kuaga.

Nimerudia. Imejifunga. Nimezima mashine, nimewasha, nimechomeka upya. Ikatokea orodha ya nyimbo kwa kitambo kidogo tu, nikawahi kusoma "Mavuno mazoezi", halafu ikajifunga tena. Ni kama mtu anachungulia mlangoni akikuona anafunga.

Mume wangu Jofrey amesema nimpigie Osward. Nimemwambia mimi nimefundisha hesabu darasa la saba, siwezi kushindwa na waya.

Jumatano, 14 Agosti

Nimebadilisha waya. Nimeazima mwingine kwa jirani, wa simu. Nimehamia tundu la USB la upande wa pili. Nimesafisha tundu kwa pamba na spiriti. Nimeiweka laptopu juani kwa sababu baridi ya asubuhi ilikuwa kali, huenda imekakamaa. Hata juani imejifunga vilevile.

Nimeanza kumfikiria Enesi. Mwaka juzi, baada ya mazishi, aliishika MP3 hii mkononi. Niliona kwa macho yangu. Lakini Enesi huyu hawezi hata kufungua chupa ya mafuta ya kupaka, ataharibuje mtambo?

Nimekaa na kale kadude mapajani. Kamba ya kiatu bado ipo, imeng'aa kwa jasho la shingo yake. Nikakumbuka Alhamisi za Isansa. Tunatoka kuchuma kahawa, vidole vimeshika utomvu, tunaingia kanisani hivyo hivyo. Kaka anatupanga. Mvua ikipiga bati anasema tuishinde. Tukitoka giza limeingia, tunateremka kijia cha migombani kwa Tabita, anatupa viazi vitamu vya moto, tunaimba tena bure, bila mwalimu, bila mpangilio. Hakuna aliyejua kwamba hizo ndizo siku zenyewe.

Nimelia kidogo. Kisha nimechomeka tena. Imejifunga.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimegundua! Mimi mwenyewe!

Leo nimeamua nisibonyeze kitu, nitazame tu. Nikachomeka. Kumbe kabla sijafungua programu ya muziki, kuna kidirisha kingine kinafunguka chenyewe, kile cha mafaili. Kinaishika MP3. Halafu programu ya muziki ikija nayo inaidai. Nikafungua ule ukurasa mweusi wa kuandika amri, nikaiwashia programu humo. Kabla haijajifunga ikatema maandishi mengi, na katikati yake: kifaa kimeshikwa na programu nyingine.

Yaani wawili wanagombea kitu kimoja, na anayekosa anazimia! Nikakumbuka mashindano ya kwaya pale Vwawa. Maiki ilikuwa moja. Enesi ameshika juu, mimi nimeshika chini, hakuna anayeachia, wimbo ukafia hapo hapo. Tulitoka wa mwisho. Enesi alipaswa kuachia.

Nimeingia kwenye mipangilio, nikaondoa alama pale panaposema kifaa kikichomekwa kifunguliwe chenyewe. Nikachomeka upya. Kidirisha kile hakikuja. Nikafungua programu ya muziki. Haikujifunga! Upande wa kulia, nyimbo za kaka zote zimejipanga. Upande wa kushoto, maktaba ya kompyuta yangu, tupu. Katikati kitufe kikubwa: Sawazisha.

Neno zuri. La amani. Nikabonyeza.

Programu ilifanya kazi yake bila kujifunga hata kidogo. Iliangalia kompyuta, ikaona haina kitu. Iliangalia MP3, ikaona ina vitu. Ikavisawazisha. Sasa zote mbili hazina kitu.

Jofrey aliingia akaniuliza kama kuna msiba.

Halafu akili ikarudi. Wifi anaweza kuja kuitazama na kuona kioo hakina majina. Nimepakua nyimbo za kwaya nyingine kutoka mtandaoni, za watu wa mbali nisiowajua, nikazijaza humo. Sasa ukiiwasha majina yapo. Walau nimepata pa kupumulia.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikulala vizuri. Sauti ya kaka yangu nimeifuta kwa kidole changu. Asubuhi wifi amepiga simu kuuliza maendeleo. Nikamwambia inachaji.

Nimepanda bajaji kwenda Tunduma. Malori yamejipanga barabarani kusubiri mpaka, madereva wanakaanga mayai chini ya matela. Osward alikuwa kibandani kwake akiongea Kibemba na mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyeleta simu iliyolowa. Mulishani, mwaiseni, natotela, yaani hujambo, karibu, asante, mazungumzo hayaishi. Nilisubiri nimeishika MP3 kama nimebeba yai.

Nikamweleza Osward kwamba nina rafiki yangu ambaye alibonyeza Sawazisha. Hakucheka. Akasema rafiki yangu asikate tamaa. Faili likifutwa, kinachoondoka ni jina. Ni kama kung'oa kibao cha duka, mali bado imo ndani mpaka mpangaji mwingine aingie. Moyo ukanirudi mahali pake.

Akauliza, je, huyo rafiki baada ya kufuta aliweka kitu kingine humo?

Nikamwambia kidogo tu. Nyimbo.

Osward akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema zile nyimbo mpya zimekalia zile za zamani, na zilizokaliwa hazirudi. Atajaribu kuokoa zilizobaki. Akaichomeka kwenye mashine yake, akaniachia kiti.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimerudi na vipande ndani ya flashi. Vipande kweli. Havina majina, vina namba tu. Vingine vinaanzia katikati, vingine vinakatika kabla ya kiitikio. Nimevihamishia kwenye laptopu na nimevisikiliza vingi, sikio kwenye spika, mlango nimefunga.

Ule wa mavuno umepona nusu. Ubeti wa kwanza wa Enesi upo mzima, safi, unametameta. Ubeti wa pili, wangu, unaanza na "Ba—" halafu kimya. Nimekaliwa na kwaya ya watu nisiowajua.

Yaliyobaki si nyimbo hata. Ni yale ambayo kaka angeyafuta. Mvua kwenye bati. Mtu anakohoa. Benchi linaburutwa. Kaka anapiga uma wa sauti kwenye goti, anasema, "Haya, tuanze, aliyechelewa aingie kimya kimya." Nimekirudia kipande hicho mara nyingi mno.

Nimetunga maelezo. Nitasema MP3 ilikuwa mbovu tangu awali. Tena ubeti wa Enesi nitautupa, tubaki sawa. Nikaweka kidole kwenye kufuta. Kidole kikakataa. Kwa nyuma ya sauti yake, kaka alikuwa anahesabu mapigo kwa mguu, unasikika kabisa.

Jumapili, 18 Agosti. Isansa.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Kahawa inaanikwa kila uwanja, harufu ile ile. Enesi amekuja na spika yake ya magurudumu, imetangulia kuingia kama bibi harusi. Tulisalimiana kwa upole sana, mama hujambo, mama sijambo.

Nimechomeka laptopu. Nikasimama kutoa maelezo kuhusu ubovu wa MP3, lakini wifi Tabita alikuwa amekaa benchi la mbele na leso yake ile, tupu, ameikunja mapajani. Nikabonyeza tu.

Ulianza ubeti wa Enesi. Watu wakaguna kwa raha. Ukafika ubeti wangu: "Ba—". Kimya. Mzee mmoja nyuma akajibu, "Amina."

Vipande vingine vikafuata vyenyewe. Mvua. Benchi. Kikohozi. Kicheko cha wale walioondoka. Nilitaka kuzima, aibu imenipanda. Kisha sauti ya kaka ikajaa kanisa zima, kubwa, karibu, kama ameingia kwa mlango wa pembeni:

"Enesi na Tulinagwe, mmenuniana tena? Vizuri. Mkinuniana sauti zinapanda. Mkipatana mnaimba kama mnaosha vyombo. Msipatane mpaka Pasaka ipite."

Kanisa lilicheka. Enesi akanitazama kutoka upande wa pili. Akanyanyuka na kitenge chake kipya, akaja akakaa pembeni yangu, akanishika mkono.

"Alikuwa anatuchonganisha makusudi," akaninong'oneza. "Kumbe mimi sikuwa na ugomvi na wewe kabisa."

Tukalia wote, na katikati ya kulia tukacheka, mchungaji akasubiri.

Baada ya ibada nilimfuata wifi nje. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa tatu. Hakunipa nafasi.

"Wifi, nyimbo nilikuwa nazikumbuka," alisema. "Kukohoa kwake nilikuwa nimekusahau."

Akanikumbatia. Tulikwenda kwake, akatupa viazi vitamu. Tuliokuwa kwaya tukaimba tena, bila mwalimu. Sauti zimeshuka, wengine meno hayapo, alto tumebaki wachache. Jua lilikuwa linaingia nyuma ya migomba. Enesi aliimba ubeti wake, mimi nikaimba wangu mpaka mwisho, na hakuna aliyemkatisha mwenzake. Tuliimba kama tunaosha vyombo. Sijawahi kuimba kwa raha namna ile.

Jumanne, 20 Agosti. Mpemba.

Wifi ameomba vile vipande virudishwe kwenye MP3 ya marehemu, Osward atamtengenezea tundu la spika ili awe anasikiliza mwenyewe jikoni. Ombi jema. Nimelitafakari siku nzima.

Hawezi kupewa wimbo wenye shimo katikati. Si heshima kwa kaka. Nimekaa chumbani na simu, nimerekodi ubeti wa pili upya kwa sauti yangu. Imekomaa kidogo, lakini mtu asiyejua hatatofautisha. Nimerudia ile sehemu ya juu mara kadhaa mpaka Jofrey akaja dirishani kuuliza kama mbuzi amenaswa kwenye uzio.

Nimeuunga palepale kwenye "Ba—". Umekaa vizuri kabisa. Na kwa kuwa wimbo umekuwa mrefu, ubeti wa kwanza nimeupunguza sauti, kiasi tu, Enesi hatagundua. Yeye sasa ni rafiki yangu.

Enesi mwenyewe amepiga simu wakati nafanya kazi hiyo. Anasema tuifufue kwaya. Nimefurahi sana. Nimemwambia aje tupange, ila moyoni nimeshapanga: mimi mbele, yeye karibu na kinanda.

Nimechomeka MP3. Programu imefunguka, haikujifunga. Nimekuwa fundi. Nikabonyeza Sawazisha, ikaniuliza kama nina hakika, kwa sababu vilivyomo upande mmoja vitaondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na vya upande mwingine; upande upi, sikusoma.

Mashine hizi zina woga sana. Nimebonyeza Ndiyo.