Mtoto Alilala, Mimi Nikaanikwa

Leo nimeaibika mbele ya mama mkwe nikiwa nimelala chali, tumbo wazi, limepakwa jeli baridi. Niko saiba, kwa kompyuta za kukodi, hapa mjini Noonkopir, kwa sababu naogopa kurudi nyumbani.

Mnajua nimeolewa kwa Wamaasai. Huku, mimba ikikomaa unapunguziwa chakula ili mtoto asinenepe akashindwa kutoka. Mama mkwe, tunamwita Yeyo, ndiye msimamizi. Asubuhi uji mwepesi, jioni kitu kidogo. Amenisifu kwa kina mama wote wa kanisa: "Huyu Mkamba wangu hana tamaa." (Huyu Mkamba ana sufuria yake ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa jirani.)

Leo ilikuwa skani ya kawaida tu, mimba haina shida. Yeyo akasema ananisindikiza. Kufika kliniki, akaenda choo. Mimi huyo, mbio hadi kwa mama wa chapati nje ya geti. Nilikula nimesimama. Aliporudi alinikuta kwa benchi, nimefumba macho kama mtu anaomba.

Tukaingia. Daktari, kijana mpole, akapitisha kile kidude kwa tumbo. Akapitisha tena.

"Moyo unapiga vizuri. Lakini hachezi. Mama alikula saa ngapi?"

Kabla nifungue mdomo, Yeyo akajibu, shingo juu: "Huyu hakuli ovyo. Ni uji kikombe kimoja, alfajiri."

Daktari akamgeukia. "Mama, mnamnyima mjamzito chakula? Huyu mtoto anaweza kuwa na njaa. Itabidi nimlaze, tumwekee dripu."

Mimi na sindano hatupatani. Lakini kilichoniuma ni uso wa Yeyo. Huyu mama huniombea kila asubuhi, na sasa anaonekana mkatili. Nikaona heri niumbuke mimi.

"Daktari, nimekula."

"Nini?"

"Chapati."

"Ngapi?"

(Kwani hii ni kesi?) "Tatu. Na maharagwe. Na yai."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Yeyo alipoenda choo."

Daktari akageukia ukuta, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Kisha akanitikisa tumbo kidogo, na mtoto akarusha teke, tukaliona wote kwa mashine. "Hana njaa huyu," akasema. "Alikuwa amelala tu."

Yeyo alinipa kitambaa nipanguse jeli. Tulipotoka akaniambia, "Nipeleke kwa huyo wa chapati." Nikajua anaenda kumgombeza. Wapi! Alinunua mbili, akaketi, akazila zote polepole akiniangalia.

"Yeyo, na mimi?"

"Wewe umeshiba. Si umemwambia daktari?"

Akajifunga shuka yake vizuri, akashika njia ya nyumbani peke yake; mimi nikajificha hapa saiba.

Sasa mtoto ameamka, na mateke anayonipiga ni ya njaa kabisa. Wa kucheka acheke, lakini aliye karibu na hapa aje na kitu kwa mfuko.